Chai Iliyopoa na Spana ya Kumi

Kericho,
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kwa ndugu yangu Kiptanui,
Mogogosiek.

Chamgei, ndugu yangu, na chamgei tena. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nacheka. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ni ndefu, na mwandiko wangu unaujua ni wa mtu aliyeacha shule darasa la sita kwa haraka ya kwenda kuona dunia. Sikio la kushoto linaendeleaje? Bado linalia kama nyenje? Priscah hajambo? Na Chelangat, mtoto wenu, ameota jino? Ng'ombe pia wasalimie, hasa yule mwenye pembe moja aliyenifukuza mpaka chooni mbele ya wakwe zako.

Pamoja na barua, dereva wa lori la majani ya chai amekuletea kitu kidogo kizito, nimekifunga kwa kitambaa. Usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakuomba hivyo kwa sababu wewe ni mtu unayejua kungoja.

Sasa niruhusu nijisifu kidogo, nisipojisifu utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine. Kericho yote hii hakuna mwenye bahati kama yangu. Nikipita sokoni wananinyooshea kidole: huyo ndiye fundi aliyeokolewa na chai. Mto wa hewa ulilipuka ndani ya gari, mwenzake akaanguka, na yeye alikuwa kwa geti na kikombe mkononi, mvuke bado unapanda, tone hata moja halikumwagika! Hiyo hadithi nimeisimulia stendi, nimeisimulia kanisani, na kwa kinyozi mashine ilizimwa watu wasikie vizuri. Mzee mmoja wa Sosiot alikuja kuniomba nimguse ng'ombe wake aliyekataa kushika mimba, labda bahati itamwambukiza. Nilimgusa. Tunangoja majibu.

Huku mambo ni yale uliyoyaacha. Asubuhi ukungu unalala juu ya majani, na wachumaji wanapita ndani yake huwaoni miguu, vikapu mgongoni, utafikiri wanaelea kwenda mahali ambapo sisi hatujaalikwa. Kiwanda kikianza kukausha, harufu inaingia gereji, inaingia kwa injini, inaingia kwa nguo. Saa nane wingu linatoka upande wa msitu na kufika kazini kabla ya mzee Wambugu, mwenye gereji, kurudi kutoka chakula. Mimi saa hiyo bado nalala kwenye katoni chini ya lile lori bovu, na mvua inapiga bati mpaka sijui kama niko Kericho ama niko chini ya bahari. Hapo kuna ndoto inanijia. Nitakuambia mbele.

Unakumbuka siku Wambugu aliporudi kutoka Nairobi na ile karatasi? Magari ya Mjapani yalikuwa yameanza kutujia na ule mto ndani ya usukani, unaofura kumkinga dereva gari likigonga, na hakuna fundi hapa aliyeujua. Mimi nilisema kazi hiyo nimeshaifanya Mombasa na Kampala. Leo nakuambia Kampala nilipita nikiwa nimelala kwa basi. Mzee alivaa miwani akasoma kama anahubiri. Teminali ya negativu ya betri itoke kwanza. Kisha mngoje dakika kumi, kwa sababu betri ikiondoka, stima fulani inabaki imejificha ndani ya kisanduku cha mto. Waya wa manjano msiuguse kabla. Msiupime kwa taa, leo wala kesho. Ukiubeba mto, uso wake uangalie mbali na tumbo lako. Ukiuweka chini, uso uangalie juu, la sivyo utaruka na kugonga paa. Ukilipuka, ule unga mweupe msiusugue machoni, osheni kwa maji mengi.

Ndipo wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya pole, kwamba tangu uzaliwe ulijua mito miwili, mto wa maji na mto wa kulalia, na sasa Wambugu ametuletea mto wa tatu, wa kuamshia watu. Mzee alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Shida ilikuwa dakika kumi. Saa ya ukutani ilikufa zamani, na yangu, ile niliyowaambia ni ya Uswisi, mishale yake ilikuwa imechorwa. Basi Wambugu akakata shauri: tutapima kwa chai ya Bilhah, ile anayotuuzia kwa birika. Kikombe kimoja, moto, kinywewe kwa adabu. Kikiisha, dakika kumi zimeisha. Na wewe ulikuwa ukipuliza kila funda kama unaongea na chai. Gereji ya ng'ambo walitutania kwamba mafundi wa Wambugu hawashiki gari mpaka wanyonye kwanza. Wewe ulikuwa unawainulia kikombe tu.

Ile siku yenyewe wewe huikumbuki, daktari alisema kile kipigo kilifuta robo saa hivi. Kwa hiyo unaijua kwa mdomo wangu. Nilikuambia ukiwa kitandani, jicho limevimba kama yai, kwamba gari la mwalimu Janeffer lililetwa honi haipigi, kwamba mimi nilikuwa kwa geti na chai yangu, na kwamba mto ulilipuka wewe ukiwa umeinama juu ya usukani. Na Wambugu, aliyetoka stoo mbio kukuosha uso kwa maji, alipofungua boneti akakuta teminali imefungwa kabisa. Spana yako ya kumi, ile uliyoichonga herufi K, haikuonekana mahali popote. Uliniuliza, "Mogaka, niliitoa teminali ama sikuitoa?" Mimi nikaangalia dirisha. Nikasema sijui, nilikuwa mbali.

Wambugu hakukufukuza. Wewe mwenyewe ulisema fundi anayesahau betri si fundi, ni hatari kwa wenzake, ukakunja ovaroli, ukaenda nyumbani. Nilikusindikiza mpaka barabarani nikikuchekesha. Ulicheka kidogo.

Alhamisi Priscah alipita gereji na Chelangat mgongoni. Hakukuambia, nami namwomba msamaha kwa kumtaja. Alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyefanya kazi nawe miaka sita, kama ulikuwa msahaulifu tangu zamani. Alisema unafunga lango la ng'ombe, unarudi kulitazama, unarudi tena. Unazima moto, kisha unaweka kiganja juu ya majivu. Alisema baiskeli ya maziwa umempa jirani aendeshe. Kisha akasema, akitazama viatu vyake, kwamba mtoto humbebi. Hajawahi kulala kifuani mwako tangu azaliwe, kwa sababu unasema kichwa chako kina tundu, utamweka mahali na kumsahau. Nilimpa Priscah mandazi. Nilimsimulia mambo ya Mombasa, akacheka, mtoto naye akacheka kwa kuona mama anacheka. Alipokuwa akiondoka akasema, "Wewe una bahati, Mogaka. Mume wangu hana hata ya kukumbuka."

Siku hiyo nililala kwenye katoni na ile ndoto ikaja. Niko na kikombe cha Bilhah, kile cha bati chenye ua jekundu. Nakunywa, na chai haiishi. Nakunywa tena. Nje mvua ya mawe imesimama hewani, kila jiwe mahali pake, hakuna linaloanguka. Wewe umeinama juu ya usukani unaningoja na huna haraka. Kila nikiangalia kikombe chai bado iko, moto, na mimi nafurahi kwa sababu najua ikiwa haiishi hatutaanza kazi kamwe. Ni ndoto tamu, Kiptanui. Ubaya wake ni kuamka.

Sasa nitakuambia ile robo saa yako iliyopotea. Haikupotea. Mimi ndiye niliye nayo.

Mvua ya mawe ilimzuia Bilhah chini ya mlango wa duka, na alipofika birika lilikuwa limepoa kama maji ya mtungi. Wewe ulikuwa ndio umemaliza kutoa teminali. Uliitoa mbele yangu, kwa spana yako ya kumi, ukaizungushia kipande cha mpira kama kila siku, ukaweka spana juu ya betri. Ulionja chai, ukasema, "Hii haihesabiki, imepoa, tungoje Bilhah aipashe." Mimi nikakuambia chai ni chai, karatasi haikusema iwe moto kiasi gani. Nikaimaliza kwa mafunda matatu nikaonyesha kikombe kitupu kama kombe la mpira. Nikakuambia ushike usukani, usitikisike. Ulitikisa kichwa, lakini ulishika, kwa sababu ni mimi niliyekuambia.

Nikalala chini pale kwenye pedali na taa ya kupimia. Nilikuwa natafuta waya wa honi. Niliona ule wa manjano nikajua ni upi, usidhani sikujua. Nikauchoma.

Mlio sikuusikia. Niliona tu weupe. Ulishuka polepole, Kiptanui, polepole sana, kama ukungu wa asubuhi umeingia ndani ya gari kututafuta, na mto umening'inia umelegea kama shela ya bibi harusi aliyeondoka. Ulipita juu ya kichwa changu. Haukunigusa hata unywele. Wewe ulikuwa chini kando ya mlango na unga usoni kama mtu wa kukanda mandazi, mdomo wazi.

Na mimi jambo la kwanza nililofanya halikuwa kukushika. Nilikuruka. Nilikwenda mbele ya gari, nikatoa kile kipande cha mpira, nikafunga teminali kwa spana yako, nikashusha boneti, spana nikaitia mfukoni. Nikachukua kikombe, nikaenda kusimama kwa geti. Ndipo nikapiga kelele za kuita watu.

Nimejiuliza kwa nini. Niliogopa tu kuwa mimi.

Jana asubuhi nilimwambia Wambugu yote, Bilhah akiwa amesimama pale na birika. Mzee hakufoka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akasema mahali pako pako, kesho, keshokutwa, siku yoyote utakayotaka, na atakuja Mogogosiek mwenyewe kukuambia. Juu ya mahali pangu hakusema kitu. Akasema tu niandike, na niandike kwa mkono wangu, isiwe kwa kutuma mtu. Bilhah hakunimiminia chai. Alitoka pale bila kunitazama, na unajua yule mama humimina hata kwa wezi.

Ukitaka kuja kunipiga, njoo, nitakuwa hapa, na sitakimbia kama nilivyomkimbia ng'ombe wako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini jambo moja nataka uliamini hata kama utatupa barua yote. Hukusahau. Uliitoa teminali, uliifunika, ulisema tungoje. Kichwa chako hakina tundu. Lango ulilofunga limefungwa. Moto uliozima umezimika. Mchukue Chelangat, mlaze kifuani, na uende naye popote.

Sasa fungua kitambaa. Ile K uliichonga mwenyewe. Miezi minne imekuwa mfukoni mwangu, na kila nikiinama kufanya kazi inanigonga mfupa.

Wasalimie mama yako na majirani wote. Priscah mwambie yale mandazi yalikuwa ya jana, na yale mambo ya Mombasa pia ni ya kupunguza nusu. Mwalimu Janeffer anasalimu, honi yake sasa inapiga. Ilikuwa fyuzi tu. Yule mzee wa Sosiot naye alipita leo baada ya kanisa. Ng'ombe hakushika.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako, na kama kuna nafasi bado ni rafiki yako,

Mogaka.

Sikuwa kwa geti. Chai haikuwa moto. Bahati sijawahi kuwa nayo, nilikuwa na wewe mbele yangu.