Oili Nyekundu Mtungini

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mgongo wako umetulia? Mimi sijambo, ila magoti; nikichuchumaa, siinuki mpaka nishike ukuta.

Uliuliza habari za mkwe wangu. Basi sikia. Bwana huyo amenunua pampu ya kunyonya oili. Hafungui nati ya chini, haingii uvunguni mwa gari. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anapenyeza mpira mwembamba tunduni, anavuta mpini mara kumi, kisha anakaa kitini kungoja mtungi ujae, shati jeupe, kucha kama za karani. Nilimwambia kwamba mbu naye hunyonya, lakini hajaitwa fundi. Akacheka, akasema baba, uchafu si cheti. Unaona majibu hayo? Tulipokimbia kwetu hatukubeba karatasi hata moja, tulibeba mikono. Miaka thelathini nimelala chali chini ya magari ya watu wa hapa, oili ikinidondokea machoni. Yeye anavuta kwa mrija kama mtoto na soda.

Juma lililopita gari lilimzimikia binti yangu kabla hajafika kazini. Giaboksi imeungua, ndani kukavu. Jioni nyumba haikukalika. Alimwambia mumewe mbele ya watoto kwamba pampu yake imeliua gari, na kwamba baba alisema. Mkwe akainamisha kichwa, akakiri amekosea kijiti, maana gari lile lina viwili, cha injini na cha giaboksi. Nami nikakohoa, kile kikohozi cha mtu aliyeonya mapema.

Ndugu yangu, ni mimi. Siku moja kabla gari halijazimika, nyumba ikiwa tupu, nilitaka kubadilisha oili kwa mikono yangu. Magoti yakagoma, nikaichukua pampu. Miwani sikuvaa. Nilipoona mtungini oili nyekundu badala ya nyeusi, nikajua nimeinyonya giaboksi. Geti likalia, nikarudisha kijiti, nikaingia ndani. Asubuhi nikasikia injini ikiwaka, nami nikaendelea kunywa chai.

Jana nilimwita mkwe pembeni nikamweleza. Akasema anajua. Jioni ile ya ugomvi, kabla hajaingia ndani, aliukuta mtungi gereji, akaumwaga na kuuosha mkewe asiuone. Akaniomba nisiseme, hasira za mkewe amezizoea, na mimi ni mzee wa nyumba. Nilitafuta neno la kumdharau, kwa mazoea tu, sikulipata.

Binti yangu atarudi saa kumi na moja, kwa miguu. Nitamwambia yote, mumewe akiwapo, watoto wakiwapo. Nimekuandikia wewe kwanza ili mdomo uzoee.

Msalimie shemeji na watoto. Ukitaka kucheka, nicheke mimi.

Wako,
Kaka yako