Nimefuta hotuba ya baba

Wee! Uko? Usinipigie, siwezi kuongea, baba yuko hapa hapa sebuleni.

Ile Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta ulionipa kwenye CD, si nilikuwa naionja tu bila kugusa chochote kwenye kompyuta ya nyumbani? Leo nikajitia fundi, nikasema niiweke moja kwa moja. Ikaniuliza: "Futa diski yote?" Nikabonyeza ndiyo. NDIYO, mwenzangu! Bila kusoma mara mbili.

Na humo ndimo ilimokuwa hotuba ya baba ya harusi ya dada. Kurasa arobaini! Ameiandika miezi mitatu, na harusi ni Jumamosi.

Nikamwambia baba. Akavua miwani. Kisha: "Yote?"

Yote, baba.

"Hata ile sehemu ya babu yangu?"

Hata hiyo.

Mama akanivuta jikoni. Nikajua leo nimekwisha. Akafunga mlango... akanikumbatia! "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nawaonea wageni huruma."

Akanikumbatia, nakwambia!

Tukarudi sebuleni na sura za msiba. Tukamkuta baba ameshakaa kwenye kompyuta, anadonoa herufi kwa vidole viwili, anatabasamu peke yake. "Kumbe hii mpya haigandi kama ile ya zamani! Kwa mwendo huu, Ijumaa nitakuwa na kurasa sitini."

Mama hajanisemesha tangu hapo.