Ule Usionukia

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu, anayeniona hata ninapokuandikia. Sisi ni wazima. Paa la jikoni limezibwa, na shemeji yako bado anakoroma.

Mdogo wangu, juzi uliposema kwenye simu unamleta mwalimu wako auone ule mnanaa pori wako adimu ulioupanda uani kwangu, nikakujibu, "Unastawi." Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaung'oa, na lile bonde ulikoutoa limeshajengwa lote.

Wenzangu wa kikundi cha sala walikuja kunisaidia kupalilia uani. Mmoja wao, fundi cherehani, akauliza, "Dada, tuache upi? Si mnanaa tu wote huu?" Kwa kiherehere changu nikasema tunuse: unaonukia ubaki, usionukia ung'oke. Nani aliwahi kuona mnanaa wa maana usionukia? Wewe ulinielekeza nitazame shina, kwamba vinyweleo vya wako vimelala kuelekea chini, vya ndugu zake vimesimama. Nilikusikiliza kwa sikio moja. Tukapalilia tukicheka, tukachoma magugu.

Leo nimekuta shina moja limenasa chini ya tofali, lina mzizi. Nimelipanda kwenye kikombe chako cha utotoni. Nimevaa miwani ya shemeji yako nikatazama: vinyweleo vimelala. Au ni macho yangu tu yanataka hivyo.

Mungu nimeshamwomba msamaha. Umebaki wewe.

Mlete mwalimu. Kabla hajauliza, nitamwambia mwenyewe ni mkono wa nani uliong'oa.

Dada yako,
aliyekulea, akakudanganya