Mukimo Ndani ya Maikrowevu

Jumanne, Agosti 1996

Haya, salamu kwanza. Baba Kendi hajambo, nyanya hajambo, ng'ombe hajambo, vifaranga hawajambo. Mgonjwa hapa kwetu ni maikrowevu peke yake.

Kendi alituletea kutoka Timau, ati mama yake asivute moshi tena na hiki kifua. Leo nimepasha mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, ikaruka ndani kila upande mpaka juu. Baba Kendi akachungulia. "Mama Kendi, umeamua kupiga rangi?" Asante sana kwa msaada, mzee.

Nikaisugua maikrowevu ndani na jivu na gunzi la mahindi, vile mama alinifunza kusugua sufuria. Imeng'aa kweli! Rangi yote ya ndani imetoka.

Na mwisho wa mwezi Kendi anakuja. Msichana alijinyima mwaka mzima. Akidhani sikuijali zawadi yake…

Kulikuwa na kifuniko cha plastiki, kimekuja nayo, kina matundu. Nikasema, kifuniko cha matundu ni cha kazi gani? Nikafunikia vifaranga. Sasa nimeanza kushuku.

Kesho namwandikia ukweli wote. Kendi mwanangu, usikasirike, na unijibu upesi kabla hujafika: kile kifuniko kilikuwa cha vifaranga kweli?