Mgongo wa Yule Rubani

Ruqayya, uko? Acha hiyo kazi kwanza. Sikia hii.

Unamkumbuka yule "Rubani Mstaafu" wa lile kundi la Wakenya la mtandaoni, aliyesema aliendesha helikopta za jeshi? Jepkoech wetu akajiita Mama Ukweli, akamhoji mbele ya watu elfu nne, akamwita tapeli mpaka akatolewa. Na wewe huko Jeddah ulicheka, usikatae.

Yuko hapa. Hapa kliniki kwetu, mtaa wa Malaz! Anaitwa Ephraim, ni mlinzi wa jengo moja kule Batha. Amekuja kukandwa mgongo, na wa kumkanda ni nani? Jepkoech!

Jepkoech amefungua faili. Pingili mbili zilipondeka, na kuna barua ya hospitali ya jeshi ya kule kwetu nyumbani: "Rubani, ajali ya helikopta." Rubani, Ruqayya! Ameisoma mara tatu huku ameshika meza. Mimi niko nyuma ya pazia, naona yote.

Mzee wa watu hajui kitu. Amelala kifudifudi, anamwambia, "Daktari, kuna mama alinifukuzisha kwenye kundi. Alitaka nieleze ile ajali. Wenzangu wawili walifia mle ndani. Ningewaelezaje watu wanaocheka?"

Mkono wa Jepkoech ukasimama palepale mgongoni. Nikajua atanyamaza. Mimi ningenyamaza.

Akasema, "Ni mimi."

 

Ephraim hakugeuka. Akasema, "Basi kanda polepole. Hapo ndipo panauma."