Tairi Nne Chini ya Kitanda

Baba yangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hali haijibiwi, na hata ingejibiwa leo sina hamu ya kuijua. Nina hasira nawe. Nimekaa nayo tangu darasa la sita na wiki hii imenifika hapa kooni, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho. Ulipokuwa hai hukunipa nafasi hiyo.

Nyumba za Shauri Moyo zinabomolewa kupisha maghorofa, na Mama anahamia kwangu, mtaa wa Tena. Nilimtafutia lori la kubeba vitu na teksi ya kumbeba yeye, akakataa katakata. Alisema aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi ndani ya gari lako, na atatoka ndani ya gari lako, la sivyo wamkute humo humo. Gari lako, Baba, lile la Mfaransa la rangi ya maziwa, lililokaa uani juu ya mawe tangu tukuzike, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Basi mimi, mwalimu wa hesabu, nikageuka mtafuta vipuri.

Injini aliifufua rafiki yako Fundi Saidi wa Majengo. Shida ikawa magurudumu. Rimu zako zililiwa na kutu mpaka kidole kinapita. Tena hilo gari lako, kwa kiburi chake, linataka rimu ya matundu matatu, ilhali dunia nzima imehamia manne na matano. Wauza vipuri walinicheka. Mmoja aliniambia, "Mathe, weka rimu za kisasa uachane na hiyo stori." Hata Saidi alitaka tubadilishe habu, kile kitovu kinachoshika rimu, tuvalishe zile pana zinazong'aa, nikakataa, maana Mama angelitazama asilijue. Rimu mbili nilizikuta sokoni Gikomba zikiwa magurudumu ya mkokoteni wa viazi; nikamletea mwenye mkokoteni mbili nyingine, tukabadilishana hapo hapo barabarani viazi vikisubiri. Mbili zilizobaki zilikuwa juu ya paa la banda la Saidi mwenyewe, zikizuia mabati yasipeperuke. Nilicheka kwa sauti, kisha nikakumbuka kwamba nimekukasirikia.

Baada ya rimu zikabaki tairi. Mama akaniita chumbani, akainua shuka, akanionyesha chini ya kitanda.

Acha nikukumbushe, usijifanye umesahau. Ulikuwa mchonga tairi. Ulikaa pale karibu na soko, kisu kikiwa kwenye makaa, na tairi iliyokwisha kuwa upara ukaichorea mifereji mipya mpaka mnunuzi akaona inatoka dukani. Nikitoka shule ulinikalisha juu ya tairi ukanifundisha kusoma ubavu wake: upana, kipimo cha rimu, uzito inaoweza kubeba, na tarakimu za mwaka iliotengenezwa. Niliyajua hayo kabla sijajua kuzidisha kwa saba. Hakuna mahali nilipokupenda kama pale. Nakuambia ili ujue hasira hii inatoka wapi.

Ulinunua zile nne mpya moja moja, kadiri ulivyopata, ukazifunga kwa magunia na kuzisukuma chini ya kitanda. Mama alikuuliza mbona hulivalishi gari. Ukasema hizo ni za harusi ya binti yako, zisiguse vumbi. Zikawa kama vile vikombe vya kabatini ambavyo hakuna aliyevinywea chai. Nasi Desemba ile ukatupakia kwenda nyumbani Vihiga juu ya tairi ulizozichonga mwenyewe.

Tulikuwa tunashuka kuelekea Nakuru ile ya mbele kushoto ilipopasuka, upande aliokaa Mama. Nilipotambaa kutoka mtaroni niliiona tairi kabla sijamwona yeye. Mfereji ulikuwa umechongwa mpaka nyuzi zinachungulia. Ukanishika bega.

"Sema ni msumari," ukaniambia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na damu ya mama yangu kwenye soksi. Nikasema ni msumari. Niliwaambia wauguzi, niliwaambia wajomba, nilisimama kanisani kutoa ushuhuda nikausema huo msumari mbele ya madhabahu. Mguu wa kushoto wa Mama ukaunganika ukiwa mfupi, na hiyo ikawa hadithi ya nyumba yetu. Hata harusi yangu ilipofika hukuzitoa zile tairi, eti ofisi ya msajili si kanisa. Nilikwenda kuolewa kwa miguu. Na ulipougua nilikaa kando ya kitanda chako cha hospitali wiki tatu nikingoja neno moja tu kutoka kwako, ukaniuliza kama nimefyeka majani mbele ya gari.

Majani, Baba.

Sasa Mama ananionyesha tairi zako. Akasema, hizi hazijawahi kugusa chini, baba yako alishanunua, nitakwenda juu ya hizi. Bado zilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya tairi mpya. Nikapiga magoti nikasoma ubavuni kama ulivyonifundisha, tarakimu zikaniambia ni za umri mmoja na ajali yetu. Nikaminya kwa dole gumba, zikafunguka nyufa kila mahali. Nikamwambia hizi hazitatufikisha hata Jogoo Road. Akashikilia. Nilikwenda nikanunua nyingine, nyembamba, za kipimo chake, zisizo na mbwembwe yoyote, Saidi akazifunga. Mama akazitazama akaniambia niende salama na gari langu, yeye yupo. Tukanuniana siku mbili.

Siku ya tatu nikashindwa kuzuia. Alikuwa jikoni akichambua kunde. Nilimwambia yote: mfereji, nyuzi, mkono wako begani mwangu. Nilimwambia haukuwa msumari, haukuwa msumari hata siku moja, na mimi nimemdanganya maisha yangu yote kwa ajili yako. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye nilimshikia hiyo tairi akiichonga."

Niliketi chini. Nikamuuliza, sasa kwa nini unazitaka zake?

"Nizikalie hata mara moja," akasema. "Alitunyima."

Nami miaka yote nilidhani mwenye hasira ni mimi peke yangu. Kumbe yake ni kubwa kuliko yangu, na kila siku ililala juu ya kitanda kile, tairi zikiwa chini yake.

Nikatoa moja, nikaiviringisha mpaka kwa fundi wa akala, zile ndara za mpira wa tairi. Ana kisu kama chako. Akaigusa akafurahi, akasema ni nailoni tupu, haina waya, atakwepa nyufa. Aliandamana nami kuja kumpima Mama miguu kwenye karatasi, na bila kuambiwa akaona. Ndara ya kulia aliikata tabaka moja. Ya kushoto aliipandisha matabaka matatu.

Jana Mama alizivaa mlangoni. Akasimama akiangalia chini, kisha akatembea mpaka kwenye gari, hatua kama ishirini, na hakuchechemea. Alikaa kiti kile kile cha mbele kushoto, akagonga sakafu ya gari kwa akala zote mbili, akaniambia twende.

Zile tatu nimeziachia wabomoaji. Yako moja imegusa chini, Baba, na imembeba yule iliyopaswa kumbeba. Mama sijamuuliza kama amekusamehe. Mimi bado. Nikikusamehe nitakuja kaburini kukwambia, na nitakuja na gari. Kwa leo lala tu.

Ni mimi,
binti yako aliyesema ni msumari.