Ufa wa Santuri ya Babu Yoine

Shifra, sikia haya. Natoka darasani kwa Gershon, pale Brooklyn.

Unaikumbuka santuri ya klezmer, ule muziki wa harusi za Kiyahudi, ya babu Yoine, iliyobaki moja tu? Ile niliyomwazima Gershon mwaka juzi, eti airekodi kwa simu asikilize nyumbani?

Leo kapiga wimbo ule ule wa kwenye santuri kwa klarineti, mbele ya watu sitini, anasema ni wa babu yake. Babu yake, Shifra. Eti alimfundisha jikoni.

Nikamwacha apige.

Kufika katikati, wimbo ukaruka. Akafumba macho: "Hapa babu alikuwa anaruka makusudi. Ndiyo siri ya ukoo wetu." Watu sitini wakafundishwa kuruka. Mzee mmoja alilia.

Nikanyoosha mkono, mpole kabisa. "Gershon, una uhakika babu yako aliruka hapo?"

"Siku zote," akasema.

Santuri alishanirudishia, nilikuwa nayo kwenye mkoba, nilitaka wanafunzi wake waisikie. Nikaitoa, nikawaonyesha ufa. Nikawaambia sindano inaruka hapo kwa sababu niliidondosha mwenyewe nikiwa na miaka tisa, mikono imejaa mafuta ya kuku.

Kisha nikamnyang'anya klarineti, nikapiga kile kipande kilichomezwa na ufa, kama bibi alivyokuwa akikiimba.

Gershon anafuta miwani, anafuta tu.

Wakati natoka nikamwinamia sikioni: "Kumbe aliyekufundisha kuruka ni mimi. Basi niamkie mimi, ndiye babu yako, mjukuu wangu."